Mshahara mmoja, maisha mawili: Muuguzi wa Kampala apige hesabu gani kabla ya kuhamia Mukuju?

Muuguzi wa serikali anayehudumu katika hospitali ya rufaa jijini Kampala na mwenzake wa cheo hicho hicho anayehudumu Mukuju, kaskazini mwa mji wa Tororo, hulipwa kwa ngazi moja ya mshahara. Serikali ya Uganda haimwongezei wa kwanza shilingi kwa sababu kodi za nyumba za jijini ni kubwa, wala haimpunguzii wa pili kwa sababu analima mboga zake uani. Tofauti huanza baada ya mshahara kuingia benki. Jijini, sehemu kubwa humalizwa na kodi ya nyumba na nauli kabla ya mwezi kufika katikati. Huko mpakani, fedha ile ile huweza kubakiza akiba.

Ndiyo maana wauguzi wengi wa miji mikubwa huwaza kuhamia mahali pa gharama nafuu, hasa wale wenye watoto au wenye asili ya mashariki mwa Uganda. Wazo hilo lina mantiki. Hata hivyo, bei ya chumba cha kupanga haitoshi kuamua jambo hili. Muuguzi anayehama hubadilisha mwajiri, aina ya kazi, shule ya watoto na lugha ya wagonjwa wake, na pengine humlazimisha mwenzi wake kuacha kazi. Makala haya yanaeleza mambo hayo moja baada ya jingine, kwa kuitumia Mukuju kama mfano.

Mukuju iko wapi, na ina nini?

Mukuju ni kituo cha biashara kando ya barabara inayotoka Tororo kwenda Mbale. Kwa upande wa mashariki ni mwendo mfupi kufika Malaba, na kusini zaidi uko mji wa Busia. Miji hiyo miwili ya mpakani ndiyo njia kuu za magari ya mizigo yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Kampala iko umbali wa zaidi ya kilomita 200.

Kwa muuguzi, jambo la kwanza ni kituo cha afya cha daraja la nne kilichopo hapo. Mfumo wa afya wa Uganda umepangwa kwa ngazi. Chini kabisa wapo wahudumu wa kujitolea wa vijijini, ambao huhesabiwa kuwa daraja la kwanza. Daraja la pili huhudumia parokia, yaani mkusanyiko wa vijiji, na daraja la tatu huhudumia kaunti ndogo. Daraja la nne lilikusudiwa kuhudumia takriban watu 100,000, na linatakiwa kuwa na daktari, wodi na chumba cha upasuaji ambamo mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida anaweza kuokolewa. Juu yake kuna hospitali ya wilaya, ambayo kwa hapa ni ile ya Tororo mjini, kisha hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mbale.

Kwa hiyo anayekwenda Mukuju anakwenda mahali penye kazi nzito, palipo kando ya barabara ya lami na karibu na mji. Jambo hilo lina faida yake na hasara yake. Wilaya za visiwani na zile za Karamoja zimewekwa katika orodha ya maeneo magumu kufikika, na watumishi wake hustahili posho ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Tororo, yenye reli, barabara kuu na viwanda vya saruji, haimo katika orodha hiyo. Anayehamia Mukuju asitarajie nyongeza yoyote. Unafuu wake utatokana na matumizi kupungua.

Hesabu ya mfukoni

Mfano ufuatao unaonyesha namna ya kupiga hesabu. Kila msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe, kwa kuwa kodi na bei hutofautiana mtaa hadi mtaa.

Mshahara uwe shilingi 1,300,000 za Uganda kwa mwezi, kiwango kinacholingana kwa karibu na cha muuguzi mwenye cheti baada ya nyongeza kubwa ya mishahara ya watumishi wa afya katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa mwaka 2012, mwenye kipato cha zaidi ya shilingi 410,000 hukatwa shilingi 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi hapo. Kodi yake ni shilingi 292,000, na mkononi hubaki 1,008,000. Makato hayo ni yale yale Kampala na Mukuju.

Huko Kampala, muuguzi wa mfano huu analipa kodi ya vyumba viwili shilingi 350,000, nauli ya kwenda na kurudi kazini 132,000, chakula 350,000, na ada za shule zikigawanywa kwa miezi, 150,000. Jumla ni shilingi 982,000. Anabaki na 26,000, na mtoto bado hajaugua, simu haijawekewa salio, wala hakuna aliyefariki kijijini.

Akiwa Mukuju, kodi iwe shilingi 100,000, usafiri 30,000, chakula 250,000, shule 120,000, na atenge 60,000 kwa safari za Tororo mjini, Mbale au Kampala, ambazo hazitakwisha hata akihama. Jumla ni shilingi 560,000. Anabaki na 448,000. Kwa maneno mengine, kuhama kumempa shilingi 422,000 kila mwezi bila kupandishwa cheo.

Wengi hukomea hapa, wakaanza kutafuta gari la kubebea vitanda. Lakini hesabu bado haijakamilika.

Kile kinachosahaulika

Wauguzi wengi wa jijini hawaishi kwa mshahara mmoja. Baada ya zamu ya serikali hushika zamu ya pili katika zahanati ya binafsi, au hutunza wazee na wagonjwa majumbani. Ikiwa kibarua hicho kinamwingizia muuguzi wa mfano wetu shilingi 250,000 kwa mwezi, faida halisi ya kuhama hushuka kutoka 422,000 hadi 172,000. Tororo mjini na Malaba kuna zahanati na maduka ya dawa, lakini nafasi ni chache kuliko za jijini.

La pili ni mwenzi wa ndoa. Mume anayetengeneza simu katikati ya Kampala, au mke mwenye kibanda sokoni, hawezi kubeba wateja wake kwenye gari la mizigo. Mwenzi huyo akipoteza kipato cha shilingi 400,000, faida ya 172,000 hugeuka kuwa hasara ya 228,000 kila mwezi. Familia nyingi hutatua tatizo hili kwa mmoja kuhama na mwingine kubaki. Utaratibu huo huokoa kipato, lakini huzaa kodi mbili, nauli za mwisho wa mwezi na upweke usio na bei.

La tatu ni ndugu. Anayehamia karibu na kwao hupata msaada: bibi wa kulea watoto, shamba la kulima mihogo na wimbi, na mahali pa kuzikia wafu wake bila kukodi basi. Papo hapo huwa karibu na kila mwenye shida. Katika ukoo, musawo, kama Waganda wengi wanavyomwita mtumishi wa afya, huhesabiwa kuwa daktari, benki na gari la wagonjwa. Anayetoka nje ya eneo hilo hana mzigo huo, lakini pia hana bibi wa kulea.

La nne ni deni. Watumishi wengi wa umma wana mikopo ya benki inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mkopo humfuata mdaiwa popote aendapo. Mwenye kukatwa nusu ya mshahara huko Kampala atakatwa kiasi hicho hicho Mukuju, na kwake unafuu wa bei una thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ndio pumzi pekee iliyobaki.

Uhamisho hauendi kwa barua moja

Hapa ndipo wengi hukwama. Muuguzi wa hospitali ya rufaa ya taifa au ya kanda huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Afya. Muuguzi wa kituo cha Mukuju ni mtumishi wa serikali ya wilaya, na ajira yake hupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya. Tangu mfumo wa ugatuzi ulipoingizwa katika katiba ya mwaka 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, kila wilaya imekuwa mwajiri kamili. Kwa hiyo safari ya kutoka Kampala kwenda Mukuju ni badiliko la mwajiri, hata kama sare ni ile ile.

Ili jambo hilo lifanyike, panahitajika mambo kadhaa kwa pamoja. Kwanza, wilaya inayopokea iwe na nafasi iliyo wazi kwa cheo hicho, na iwe na fungu la kuilipia. Pili, Tume ya Wilaya ikubali uhamisho wa utumishi, au mwombaji apite katika usaili nafasi zinapotangazwa. Tatu, mwajiri wa zamani amwachie kwa maandishi. Nne, jina lake liondolewe katika orodha ya malipo ya kituo cha zamani na kuingizwa katika ile ya wilaya mpya.

Hatua ya nne ndiyo inayoumiza. Jina likitolewa upande mmoja kabla ya kuingizwa upande wa pili, mshahara husimama. Fedha hizo hurudi baadaye kama malimbikizo, lakini mwenye nyumba na mwenye duka hawali malimbikizo. Miezi miwili bila mshahara, kwa muuguzi wa mfano wetu, ni pengo la shilingi 2,016,000. Asiye na akiba hulijaza kwa mkopo wa riba kubwa, na faida ya mwaka mzima huweza kuliwa na riba hiyo.

Kuna mtego mwingine. Barua ya ajira hutoka wilayani. Haimfungi mwajiri kumweka mtumishi katika kituo anachokitaka. Afisa Mkuu wa Utawala, kwa ushauri wa afisa wa afya wa wilaya, anaweza kumpanga muuguzi Mukuju mwaka huu na mwakani kumpeleka katika kituo cha daraja la pili kilicho mbali na barabara. Anayenunua kiwanja mkabala na kituo cha afya katika mwezi wa kwanza anaweka dau.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kujiuzulu Kampala na kuomba kazi upya Tororo. Njia hiyo ni ya hatari. Mtumishi wa kudumu na mwenye kustahili pensheni hujenga haki yake kwa miaka ya utumishi usiokatika, na kujiuzulu kunaweza kuifuta miaka hiyo. Uhamisho wa utumishi, ingawa ni wa polepole, huilinda. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na katika utumishi wa umma mbacha huo ni faili la mtumishi.

Lipo pia suala la nani huonekana kuwa mwenyeji. Katika wilaya nyingi za Uganda, malalamiko ya muda mrefu ni kwamba nafasi za kazi huelekezwa kwa wazawa. Tororo ina uchungu wake wa pekee: mvutano kati ya Wateso na Wajopadhola kuhusu namna ya kuigawa wilaya na nani abaki na mji umedumu kwa miongo kadhaa, na Mukuju imekuwa ikitajwa katika mapendekezo ya wilaya mpya. Wilaya ikigawanywa, watumishi nao hugawanywa. Muuguzi mgeni hana sababu ya kuogopa majirani zake kwa hilo, lakini ana sababu ya kuuliza ni ofisi ipi itakayokuwa mwajiri wake.

Kazi yenyewe hubadilika

Katika hospitali kubwa ya jijini, muuguzi anaweza kukaa miaka mitano katika wodi moja na kuwa bingwa wa kazi hiyo. Katika kituo cha daraja la nne, asubuhi atapima wagonjwa wa nje, adhuhuri atachanja watoto, jioni atamsaidia mkunga, na usiku atabaki na wodi nzima. Vifaa ni vichache, na daktari anapokuwa safarini maamuzi humwangukia aliyeko.

Dawa za serikali huletwa na Bohari ya Taifa ya Dawa kwa mizunguko ya miezi miwili. Wiki za mwisho za mzunguko ndizo ngumu, pale ambapo mgonjwa hupewa ushauri na karatasi ya kwenda kununulia dukani. Kwa kuwa malipo ya wagonjwa yalifutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, foleni ni ndefu na lawama humwendea aliye dirishani. Muuguzi wa jijini huweza kupotea katika umati baada ya zamu. Wa Mukuju hukutana na mgonjwa wake sokoni, kanisani au msikitini, na huulizwa hapo hapo kwa nini dripu ilikosekana.

Ugonjwa unaojaza wodi ni malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkaazi wa eneo la Tororo aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya juu vilivyopimwa nchini. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza katika wilaya hiyo mwishoni mwa 2014, pamoja na vyandarua, ulipunguza sana mzigo huo, lakini haukuumaliza. Wataalamu wa malaria wa ndani na nje ya nchi wamefanya kazi Tororo kwa miaka mingi, na kwa muuguzi mwenye bidii hiyo ni fursa ya kujifunza ambayo jiji haliwezi kuitoa.

Kazi za miradi nazo zinahitaji tahadhari. Tororo ni eneo la madereva wa masafa marefu na mashirika ya kupambana na Ukimwi, likiwemo TASO lenye kituo mjini humo, yamekuwepo kwa muda mrefu. Mishahara ya miradi mara nyingi ilipita ya serikali. Januari 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, watumishi wengi wa afya kote Uganda waliokuwa wakilipwa na miradi walijikuta nje. Anayehama kwa kutegemea mkataba wa mradi ajue ni nani anayelipa na hadi lini. Hospitali za makanisa, kama ile ya Mtakatifu Anthony iliyopo Tororo, ni njia nyingine. Hizo hupanga viwango vyake zenyewe, na pensheni ya serikali haihusiki.

Watoto: shule na chandarua

Elimu ya msingi ya bure ilianza Uganda mwaka 1997, na shule za serikali zipo Mukuju kama kwingineko. Wazazi wa jijini, hata hivyo, hulinganisha na shule za binafsi walizozizoea. Kwa sekondari, Tororo ina majina yanayojulikana nchini kote, zikiwemo Tororo Girls, Rock High na St Peter's College, kiasi kwamba wazazi wa Kampala huwaleta watoto wao huko bweni. Swali gumu ni la miaka ya chekechea na msingi, na jibu lake hupatikana kwa kwenda kuketi darasani kwa saa moja. Sifa za kusikia hazitoshi.

Kuna jambo ambalo muuguzi analijua vizuri kazini lakini hulisahau nyumbani. Mtoto aliyelelewa katikati ya Kampala, ambako malaria si nyingi sana, hana kinga aliyoijenga mwenzake wa Tororo kwa kuugua na kupona. Miezi ya kwanza baada ya kuhama ndiyo ya hatari zaidi kwake. Vyandarua vyenye dawa vinapaswa kuwa kitu cha kwanza kushushwa garini, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Lugha ya wagonjwa

Kwa wasemaji wa Kiswahili nchini Uganda, ambao jijini mara nyingi hujikuta wachache katikati ya Kiganda na Kiingereza, mpaka ni mahali pa pekee. Katika Malaba na Busia, Kiswahili ndicho lugha ya kubadilishia fedha, kupakia mizigo na kugombania bei. Katiba ilikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wafanyabiashara wa mpakani hawakuingoja.

Mukuju kwenyewe, lugha ya nyumbani ya wengi ni Kiteso, na upande wa magharibi wa wilaya Kidhopadhola. Wateso wako pande zote mbili za mpaka. Kaunti ya Busia nchini Kenya ina Teso Kaskazini na Teso Kusini. Ndiyo maana mgonjwa anayeketi kwenye benchi la kituo anaweza kuwa ametoka Kenya asubuhi hiyo hiyo, na Kiswahili kikawa daraja kati yake na muuguzi. Lakini bibi wa miaka sabini anayeeleza maumivu yake atayaeleza kwa Kiteso. Muuguzi anayetaka kudumu huko atajifunza angalau salamu, majina ya viungo vya mwili na maswali kumi ya kwanza ya kumpokea mgonjwa. Kazi hiyo haimalizi mwezi, na heshima inayoletwa nayo hudumu miaka.

Na kwa nini asivuke tu mpaka?

Swali hili huulizwa na kila anayeishi karibu na Malaba. Shilingi moja ya Kenya katika miaka ya karibuni imebadilishwa kwa takriban shilingi 25 hadi 30 za Uganda, na tarakimu za mishahara ya ng'ambo huonekana nono. Kivuko cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Februari 2018 kimerahisisha upitaji, na raia huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya wafanyakazi kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Hata hivyo, kuvuka mpaka ni jambo moja, na kugusa mgonjwa kwa mamlaka ya sheria ni jambo jingine. Usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda haumruhusu mtu kufanya kazi Kenya. Lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha apate kibali cha kazi. Aidha, tangu 2013 huduma za afya Kenya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na uhusiano wa kaunti na wauguzi umekuwa na misukosuko. Mgomo wa mwaka 2017 ulianza Juni na kumalizika Novemba. Wauguzi walioajiriwa kwa mikataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walitumia miaka mingi wakidai ajira ya kudumu. Pia gharama za maisha upande wa Kenya si nafuu: mara nyingi ni wakaazi wa huko wanaovuka kuja Uganda kununua chakula.

Kwa hiyo mpaka humfaa zaidi muuguzi wa Mukuju kama soko kuliko kama mwajiri. Mwenye kuku, nyanya au cherehani ana wateja wa nchi mbili.

Kabla ya kufunga mizigo

Kutokana na hayo yote, mpangilio wa hatua una umuhimu kuliko ujasiri. Anayefikiria kuhama anashauriwa kuanza na safari ya wiki moja, ikiwezekana msimu wa mvua, alale Mukuju, atembee na kikapu sokoni na azungumze na wauguzi waliopo, hasa waliotoka mbali. Awaulize mambo matatu: mshahara wao wa kwanza ulichelewa muda gani, nyumba za watumishi zina nafasi au la, na wangapi wameondoka katika miaka miwili iliyopita. Majibu hayo yana uzito kuliko tangazo lolote la kazi.

Baada ya hapo apige hesabu kwa tarakimu zake, akiweka kipato chote cha nyumba, yaani mshahara, kibarua cha jioni na kipato cha mwenzi. Ikiwa ziada inapatikana tu kwa kudhani kwamba mwenzi atapata kazi haraka, ziada hiyo haipo bado. Kisha aweke kando akiba ya matumizi ya miezi mitatu. Kwa muuguzi wa mfano wetu, matumizi ya Mukuju ni shilingi 560,000, hivyo akiba ni 1,680,000, mbali na gharama ya gari la mizigo. Asiyeweza kuikusanya akiwa bado Kampala aahirishe safari.

Jambo la mwisho ni ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tororo humilikiwa kwa mila, mfumo unaotambuliwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1998. Mauziano yasiyoshuhudiwa na ukoo, majirani wa mipaka na baraza la kijiji huishia mahakamani. Mwaka wa kwanza ni wa kupanga. Kiwanja kitasubiri, na ikiwa wilaya itampeleka kituo kingine, mpangaji huondoka na kitanda chake tu.

Ipo hesabu moja ambayo haimo katika daftari la muuguzi. Mama anayefikishwa Mukuju usiku kwa bodaboda, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni, hutegemea kwamba mtu mwenye ujuzi aliamua kuja kuishi hapo na akaona inawezekana kubaki. Kila mshahara unaochelewa na kila nyumba ya mtumishi isiyojengwa humrudisha jijini muuguzi mmoja aliyekuwa tayari. Muuguzi anaweza kupima kodi ya nyumba na bei ya mihogo kwa peni na karatasi. Uamuzi wa kumfanya asijute, kwa sehemu kubwa, umo mikononi mwa ofisi itakayomwajiri.